Sifa za Baka la Jiki

Kila doa lina mbabe wake. Damu huyaogopa maji ya baridi, mafuta huisujudia sabuni ya kipande, wino wa kalamu husalimu amri mbele ya spiriti. Kutu huondoka kwa ndimu na chumvi. Manjano ya mchuzi, yanayotisha sana siku ya kwanza, hayachukui muda mrefu juani. Utomvu wa ndizi na maji ya mabibo ni wakaidi, tena wakaidi kweli, lakini hata hao hufifia kadiri nguo inavyofuliwa, mpaka siku moja unajikuta umesahau walikuwa upande gani.

Baka la jiki halina mbabe. Ulifue, ulipige brashi, uliloweke usiku kucha, ulianike asubuhi na kulianua jioni, litakutazama vilevile. Sabuni ya unga hailijui. Kwa ustahimilivu huo peke yake lingestahili ngonjera, lakini watu wanalisonya, wanalilaani, na nguo iliyolibeba wanaigeuza tambara la kudekia. Nimeona nilisemee, maana lenyewe halina mdomo na wanaolisema vibaya wametosha.

Nianze na usafi wake. Madoa mengine yote ni kitu kilichokuja juu ya nguo, na kazi ya mfuaji ni kukiondoa. Baka la jiki halijaongeza chochote. Hapo palikuwa na rangi; jiki ikazivunja molekuli za rangi hiyo vipandevipande, na vipande vilivyobaki haviwezi tena kuushika mwanga namna ile inayomfanya mtu aone weusi au wekundu. Rangi haikufunikwa wala haikuhamia upande wa pili. Imekufa. Ndiyo maana kusugua hakusaidii, kwa kuwa unamsugua asiyekuwapo. Na vijidudu waliokuwa pale nao wameondoka na rangi hiyohiyo. Kwa hiyo ukitaka kujua ni sehemu gani ya suruali yako iliyopata usafi wa kweli, angalia hilo baka unaloliita uchafu. Nguo yote iliyobaki ndiyo yenye kesi ya kujibu.

Wengi hawajapata kulitazama likizaliwa, kwa sababu saa hiyo wanakuwa wanapiga kelele. Ni hasara. Tone likidondoka kwenye suruali nyeusi ya pamba, mwanzo hakuna kinachotokea. Ni unyevu tu, mweusi kuliko weusi uliokuwapo. Mwenye moyo mwepesi anajiambia limepita salama. Kisha pembezoni mwa tone panaingia ukahawia, ukahawia unageuka rangi ya matofali, matofali yanakuwa chungwa, chungwa linaanza kuchoka. Weusi wa kiwandani mara nyingi si rangi moja. Ni mchanganyiko, na ile yenye ubuluu ndiyo hutangulia kukata tamaa, ikiwaacha wenzake wenye wekundu na umanjano wakipambana dakika chache zaidi. Hao ndio unaowaona wakiwaka gotini mwako. Wakishindwa nao, kinabaki cheupe kilichoelekea rangi ya maziwa, yaani pamba yenyewe ilivyokuwa kabla haijavalishwa. Sasa tazama katikati ya baka, pale mshono unapopita. Uzi umebaki mweusi tii. Majirani zake wote wamepauka na wenyewe uko palepale, umenyooka, hauna habari. Uzi huo ni poliesta.

Hapo ndipo baka la jiki linapoonyesha kazi yake ya pili, ya ukaguzi. Sokoni kila kitambaa ni pamba tupu. Muulize muuzaji wa Kariakoo, wa Kongowea au wa Gikomba, ataapa kwa jina la mama yake na atakushikisha mkono uone ulaini. Jiki haiapi. Shati lililopoteza rangi kwa tone moja ni pamba au ndugu wa karibu wa pamba. Shati lililomwagikiwa likabaki linacheka mara nyingi ni poliesta. Rangi yake imejikita ndani ya uzi wa plastiki na jiki haioni mlango wa kuingilia. Shati lenye mchanganyiko wa vyote viwili hupauka nusunusu, likawa na sura ya mtu aliyeamshwa usingizini. Sufu na hariri, ambazo asili yake ni mnyama, zenyewe hazina hata muda wa ubishi: hugeuka njano, hudhoofika, na zikiachwa humo huyeyuka. Yote haya yameandikwa kwenye kile kilebo cha ndani kinachowasha shingo, kwa pembetatu iliyopigwa alama ya mkasi. Nani anakisoma? Wengi hukikata siku ya kwanza. Simshauri mtu aingie sokoni na chupa mkononi, atapigwa, lakini nasema kwamba katika biashara nzima ya nguo sijaona shahidi mwingine asiyehongeka.

Sifa bila nasaba hazijakamilika, na nasaba ya baka hili ni ndefu kuliko ya watu wengi wanaolidharau. Babu yake ni gesi ya klorini, aliyoipata mkemia wa Sweden, Carl Wilhelm Scheele, mwaka 1774, akaona mwenyewe jinsi inavyopausha maua na majani. Mwaka 1785 Mfaransa Claude Louis Berthollet akaonyesha kwamba kinachofanyika kwenye ua kinaweza kufanyika kwenye kitambaa, na kijijini Javel, kando ya mto Seine karibu na Paris, maji yake yakaanza kutengenezwa ili yauzwe. Kijiji kimemezwa na jiji zamani, ila jina limebaki kwenye chupa. Ndugu zetu wa Goma na Bujumbura wakikutuma dukani ukalete Javel, wanataka jiki. Mwaka 1799 Mskoti Charles Tennant akasajili hataza ya kuigeuza kuwa unga, ili isafiri kwenye mapipa. Kabla ya mabwana hawa, kitani cha Ulaya kilichemshwa kwa maji ya majivu, kikaloweshwa maziwa yaliyochacha, kikatandazwa majanini juani, kikakusanywa, kikarudiwa, na kazi hiyo iliweza kuchukua nusu mwaka. Leo dakika tano zinatosha kuharibu shuka nzima. Huyo ndiye mjukuu aliyekaa kwenye paja lako.

Na huu si ukoo wa kukaa barazani. Mwaka 1847, katika hospitali moja ya Vienna, Ignaz Semmelweis aliwalazimisha madaktari wanawe mikono kwa maji ya chokaa ya klorini kabla ya kuwagusa akina mama wanaojifungua. Vifo vya homa ya uzazi vikaporomoka mwaka uleule, na wakubwa wengi wa taaluma wakamdharau mpaka anakufa. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia, vidonda vya askari vilisafishwa kwa dawa ya Henry Dakin, ambayo ni jiki iliyozimuliwa mpaka karibu nusu ya asilimia moja. Kwetu, kipindupindu kikibisha hodi, ndoo yenye bomba huwekwa mlangoni na harufu ile inajulikana hata na mtoto. Wakati wa Ebola ya mwaka 2018 hadi 2020 huko Kivu Kaskazini na Ituri, abiria wa Beni na Butembo walishuka kwenye magari wakanawa maji ya klorini kwenye vizuizi vya barabarani. Kwa mikono kipimo ni asilimia 0.05, kwa sakafu, vitanda na viatu vya mpira ni asilimia 0.5, mara kumi yake.

Mtu anayebeba ndoo hiyo ya mara kumi ndiye ninayetaka umtazame. Angalia sare ya mfanya usafi wa wodi, kuanzia tumboni kushuka mapajani. Askari akitundika nishani kifuani tunasimama wima na bendi inapigwa. Huyu ametundikiwa na jiki yenyewe, tone kwa tone, zamu kwa zamu, na tukikutana naye kwenye daladala tunavuta nguo zetu pembeni. Kama nchi ingekuwa na adabu ya kusoma mabaka, mtu huyo angepishwa kiti.

Nyumbani faida zake hazihitaji kemia. Nguo yenye baka la jiki haiazimwi. Mdogo wako anayeingia chumbani bila hodi na kutoka na shati lako atapita mbele yake kana kwamba halikuwapo. Kwenye kamba ya uani, katika nyumba ya kupanga ambako nguo zinazoanuliwa huwa pungufu ya zilizoanikwa, yenye baka itakungoja mpaka usiku. Shuka za bweni, taulo za jela, sare za watoto mapacha, vyote hugombewa. Chenye baka kina mwenyewe na mwenyewe anajulikana. Watu hulipa fundi kudarizi majina yao kwenye mito. Jiki inaandika bure, na mwandiko wake haughushiki, kwani hakuna baka linalofanana na jingine.

Tena ni shahidi wa tabia za nyumba, ingawa ushahidi wake mara nyingi haupokelewi. Baka likionekana kwenye shuka, mshtakiwa ni dada wa kazi na hukumu inatoka kabla hajaitwa. Hakuna anayeuliza nani aliiacha chupa wazi juu ya mashine ya kufulia, nani alisugua choo akiwa na taulo ya kijani begani, nani alimimina bila kipimo kwa kuwa eti jiki ya siku hizi haina nguvu. (Na pengine kweli haina. Jiki iliyokaa juani mbele ya duka huzeeka ndani ya chupa, nguvu ikapungua bila harufu kubadilika sana. Ukizoea kumimina vikombe viwili vya iliyozeeka, siku ukiuziwa iliyotoka kiwandani juzi utajua.) Nimewahi kuona mshahara ukikatwa kwa baka lililokaa kwenye pindo la msuli, mahali ambapo, kwa mpangilio wa matone yake, ni baba mwenye nyumba peke yake angeweza kulidondosha. Baka lilisema kweli. Baba alinyamaza.

Halafu kuna ajira. Bila baka la jiki mafundi wangapi wangelala njaa? Nilikuwa nimekaa kwenye benchi la fundi cherehani, barazani, nikisubiri suruali yangu ipunguzwe urefu, akaja mama mmoja na gauni la kitenge. Baka lilikuwa kifuani, upana wa kiganja cha mtoto, wekundu wote umeondoka na bluu imebaki inataka kuondoka.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Niangalizie hili janga, Jumamosi nina shughuli."

Fundi hakujibu upesi. Aligeuza kitambaa upande wa ndani, akakivuta kidogo kwa vidole gumba viwili, akakuna kwa ukucha. Alikuwa anapima kama nyuzi zimeoza, kwa sababu jiki ikikaa sana kwenye pamba haili rangi tu, inakula na uzi. Nguo inatoka nzima kwenye beseni na kuchanika siku ya tatu mtu akiinama.

"Haijaoza, mama. Ingekuwa imeoza ningekuambia ukweli. Una kipande kilichobaki?"

"Kilienda kwenye kilemba."

"Lete kilemba."

Mama akamtazama kama mtu aliyeombwa jino. Lakini Jumamosi ilikuwa karibu, akakitoa kwenye mkoba. Fundi akakata kutoka humo ua moja zima, akalipachika juu ya baka, akalizungushia mshono wa kubana. Kisha akakata la pili akaliweka begani, na la tatu karibu na pindo, sehemu ambazo hazikuwa na tatizo lolote. Mama akauliza hayo mengine ni ya nini na yanaongeza bei.

"Ua moja ni kiraka, mama. Maua matatu ni mtindo."

Bei iliongezeka kweli. Ila nilivyoona mimi, gauni lile lilitoka pale limepanda daraja.

Si kila baka linapata fundi wa namna hiyo. Lipo linalopakwa maka peni, njia ya wavulana wa sekondari, inayofaa gizani. Juani wino ule mweusi huonyesha uzambarau wake. Lipo linalozamishwa kwenye rangi upya, pakiti ya sokoni na chumvi ndani ya sufuria ambayo haitarudi tena kupika ubwabwa. Kwenye pamba njia hii ni nzuri, mradi ukubali kwenda kwenye rangi nzito kuliko ya mwanzo, na ukumbuke kwamba uzi wa poliesta utakataa rangi kama ulivyoikataa jiki. Na lipo baka lenye bahati kuliko yote, lile linaloangukia mikononi mwa mama wa batiki. Yeye halifichi. Anaikunja nguo, anaifunga kamba, anayaongeza mengine kwa jiki iliyozimuliwa, anasuuza pale tu rangi inapofika anapopataka, na mwisho hujui lipi lilikuwa ajali. Hapo ndipo ninapowacheka wanaoilaani jiki Kariakoo asubuhi na mchana wakaingia duka lenye kiyoyozi kununua jinzi iliyopaushwa mapaja kiwandani. Ile ya kwanza wanaiita imeharibika. Ya pili ina bei ya mbuzi.

Kuna kinaya kingine, nitakigusa tu nipite. Tone moja likipausha suruali, nyumba nzima inalia. Lakini wapo wanaotoa fedha wapaushwe uso, kwa mkorogo uliochanganywa chumbani na mtu asiyejua anachochanganya, na wengine hutia humo jiki hiyohiyo. Suruali ikipauka inapata kiraka. Ngozi haina fundi wa barazani. Ningekuwa na uwezo ningewabadilishia mwenye suruali na mwenye uso huzuni zao.

Mheshimiwa Baka ana masharti yake, na kumsifu bila kuyataja ni kumchongea msomaji. Tone likishadondoka, usikimbilie sabuni. Kimbilia maji mengi ya baridi, papo hapo, kwa sababu kazi inaendelea kadiri jiki inavyobaki kwenye nyuzi, na baka unaloliona dakika ya kwanza si baka utakalobaki nalo. Haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3 kutoka duka la dawa huimaliza nguvu jiki iliyosalia ndani ya kitambaa. Imimine baada ya kusuuza, kisha suuza tena. Rangi haitarudi, lakini baka halitatanuka na uzi hautaoza. Siki na ndimu, ambazo kila jirani atakushauri kwa kuwa zilimsaidia kwenye kutu, ziweke mbali kabisa, pamoja na ile dawa kali ya choo yenye asidi. Asidi ikikutana na jiki hutoa gesi ya klorini, ileile ya babu Scheele, na babu huyo alipelekwa vitani mwaka 1915 huko Ypres akaua watu. Usichanganye pia na kitu chenye amonia. Wanaofia bafuni wakisafisha choo kwa dawa mbili ili king'ae zaidi hawakuuawa na uchafu.

Na anayetaka kuikwepa heshima hii kabisa, njia ipo: avae nguo kuukuu anaposhika chupa, azimue jiki kwenye maji kabla ya kuingiza nguo, asimimine juu ya kitambaa kikavu. Ni mambo mepesi mno, ndiyo maana hayafanywi.

Basi namwomba kila mwenye suruali, gauni au shuka yenye baka la jiki asiifiche kabatini, wala asiishushe cheo cha tambara kabla haijachanika. Itoke nje, ipandishwe daladala, ipelekwe hata harusini kama fundi ameipa maua. Na mtu akikunyooshea kidole mbele za watu kukuuliza hilo limekupataje, mwambie avute pumzi akaguse nguo yake mwenyewe: yako imepimwa na ni pamba tupu, yake bado.